Chakula cha Mchana cha Wizara ya Maji na Subira

Nchi ya Tulizana haipo kwenye ramani, na wanaoishi humo wameombwa wasiitafute. Mimi ni raia wake mtiifu. Sina maoni yoyote. Naeleza tu yaliyotokea, kama mtu anavyomwelekeza mgeni njia ya kwenda sokoni.

Tuna wizara nyingi, na zote zinafanya kazi. Ninayotaka kuisema ni Wizara ya Maji na Subira. Hapo awali ilikuwa Wizara ya Maji peke yake. Mabomba yalipokauka, Mlezi Mkuu wa taifa, kwa hekima yake, akaiongezea Subira, na tangu hapo haijawahi kushindwa. Mwaka ambao maji yanakosekana, subira huvuka lengo.

Mwaka huo ninaousema, maji yalipatikana. Wizara ilijenga mtambo wa kusafisha maji ya mto kwa ajili ya mtaa wa Bonde la Shukrani, ambako watu walikuwa wameshukuru muda mrefu bila kupewa kitu. Matangi ya mtambo yaliletwa na kampuni ya shemeji yake Mlezi Mkuu. Yalikuwa matangi mazuri ya rangi ya bluu, na yalikuwa yamelitumikia taifa hapo kabla: yalihifadhi dawa ya kuulia nzige. Shemeji alisema yamesuuzwa. Aliyeuliza yamesuuzwa na nani alipewa uhamisho.

Mkemia wa wizara alikuwa mwanamke aitwaye Sikudhani, mrefu, mpole, asiyependa mazungumzo ya korido. Aliyapima maji yale, akayapima tena, kisha akaingia kwenye kikao cha wakuu na kusema kwa sauti ya mtu anayeomba dirisha lifunguliwe:

"Maji haya yanaua. Yasifunguliwe."

Mkurugenzi Mkuu, Dakta Kichelema, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, na kila alichosema kilisikika kama pole.

"Dada Sikudhani," alisema, "hilo ni neno zito. Maji haya hayajazinduliwa. Yataanzaje kuua kabla ya uzinduzi?"

Wajumbe wakapiga makofi. Hoja ilikuwa na nguvu.

"Yananuka kitunguu saumu, Mheshimiwa," Sikudhani alisema. "Mto haunuki hivyo. Hiyo ni dawa ya nzige. Jumatatu mkifungua, mtaa mzima utakunywa."

Dakta Kichelema aliandika neno moja mbele yake: saumu. Akalitazama, akatabasamu, na waliokuwa karibu naye wakavuta viti nyuma kidogo.

"Ndugu zangu, tumechoka," alisema. "Tunafanya kazi pamoja lakini hatuli pamoja. Ijumaa, baada ya sala, nawaalika wote chakula cha mchana. Tutakwenda kwa yule mama wa Kivietinamu. Nasikia anapika vizuri sana na kitunguu saumu."

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja alikohoa, kisha akaomba radhi kwa kukohoa.

*

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuishi Tulizana, nieleze kwa nini walinyamaza.

Sheria yetu ni ya huruma sana. Inakataza mtumishi kukamatwa kazini, maana inavunja ari ya wenzake. Inakataza pia kumkamata nyumbani, maana inatisha watoto. Sheria haikusema lolote kuhusu mikahawa. Kwa hiyo Idara ya Usingizi Mwema, ambayo ndiyo inayolinda usalama wetu, imekuwa ikiwachukua watu mezani, wakiwa wameshiba nusu. Wizara ya Barabara na Uvumilivu walikwenda kula mishikaki wakarudi bila mhasibu wao. Watu wa Takwimu walikwenda kula pilau, na tangu siku hiyo takwimu zao zimekuwa nzuri mno.

Ndiyo maana kwetu mtu akialikwa na bosi wake, mkewe humwekea mswaki kwenye mfuko wa shati. Wenzake nao huja na miswaki yao. Wote wanaiona inavyochungulia mifukoni, na hakuna anayeitaja.

Aliyekaa mkabala na Sikudhani ofisini alikuwa mhandisi wa pampu, Hamduni, mtu wa makamo mwenye kipara na mzaha mwingi. Kwa miaka walikuwa wakinywa chai ya chupa moja, na yeye alikuwa na mazoea ya kuchota karanga za Sikudhani bila kuomba. Hamduni aliishi Bonde la Shukrani. Maji yale yangefika kwanza uani kwake.

Asubuhi ya Ijumaa mkewe, Bi Mwatumu, alimpigia pasi shati, akatia mswaki mfukoni, akamkunjia na sweta.

"Sweta la nini na joto hili?" Hamduni aliuliza.

"Wanasema kule kuna baridi."

"Wamealika idara nzima, mke wangu."

"Idara nzima hawawezi kuichukua. Gari lao dogo." Alimfunga kifungo cha juu, ambacho Hamduni hakupenda kukifunga. "Wamealikwa wote, lakini anatakiwa mmoja. Ni yule dada wa karanga, siyo?"

Hamduni alilichukua lile sweta, akalishika mkononi kama mtu aliyepewa mtoto wa mtu mwingine.

Alipofika ofisini alimkuta Sikudhani anaosha vyombo vyake vya maabara, kimoja kimoja, ingawa vilikuwa safi.

"Siku," alisema akiketi, "watakupa maji ya mtambo mbele ya watu. Usibishane. Yaweke mdomoni, uyateme kwenye leso. Wakubwa wote ndivyo wanavyofanya."

"Na Jumatatu?" Sikudhani aliuliza bila kugeuka. "Watoto wa mtaani kwako watatemea wapi?"

*

Mkahawa wa Yungiyungi la Dhahabu uko kwenye mtaa wa wauza vitambaa, ghorofa ya chini, na mlangoni pana pazia la shanga. Mwenyewe ni Mama Lien, aliyetoka Vietnam akiwa msichana, akazeekea kwetu. Anazungumza Kiswahili cha sokoni, cha haraka, na anagombana na wauza mboga kwa majina ya mama zao. Siku hiyo alisimama mlangoni kupokea wageni, lakini alipoona miswaki ikichungulia mifukoni, tabasamu lake likaganda.

"Karibuni," alisema. "Karibuni, jamani. Mtoke salama."

Walikaa kwenye meza kubwa ya mviringo. Katikati yake palikuwa na duara la kioo linalozunguka, ili kila sahani imfikie kila mtu. Dakta Kichelema alilisukuma kwa kidole, likazunguka bila sauti.

"Tazameni," alisema. "Hii ndiyo demokrasia. Kila kitu kinamfikia kila mtu, mradi pawe na anayesukuma."

Meza ya pembeni walikaa maafisa wawili wa Usingizi Mwema, wamevaa suti za kijivu zinazofanana. Walikuwa wameagizwa waonekane kama wateja, kwa hiyo waliagiza tambi, na kwa kuwa waliagizwa waonekane wateja wazoefu, walizila kwa vijiti. Walikuwa na mateso. Tambi zilipanda mpaka kidevuni, zikarudi bakulini. Walizitazama kwa chuki ambayo sisi raia tumezoea kutazamwa nayo.

Hamduni alipangiwa kukaa kulia kwa Sikudhani. Kushoto kwa Sikudhani alikaa Ngwilizi, msemaji wa wizara, kijana mwenye tai pana ambaye hajawahi kumaliza sentensi bila kumshukuru mtu.

Kabla ya chakula kufika, dereva wa Mkurugenzi aliingia na jagi kubwa la kioo lililofunikwa kitambaa cha rangi za taifa. Akaliweka juu ya duara. Dakta Kichelema akafunua.

Maji yalikuwa maangavu, mazuri kwa macho. Na harufu ya kitunguu saumu ikaenea mezani.

"Ah!" Dakta Kichelema alivuta pumzi. "Harufu ya jikoni kwa Mama Lien. Mmeisikia?"

"Tumeisikia, Mheshimiwa!"

Mama Lien, aliyekuwa akipanga bakuli, alisimama. "Jikoni sijakaanga kitu bado," alisema. "Ndiyo kwanza naosha mchele."

"Harufu inatangulia chakula," alisema Ngwilizi, "tunakushukuru."

Dakta Kichelema alisimama. Hotuba yake ilikuwa ndefu, nami nitaifupisha kwa heshima. Alisema kwamba maji ni uhai. Alisema kwamba anayetilia shaka maji anatilia shaka uhai, na anayetilia shaka uhai, ni wazi anachokitaka. Alisema wizara haimlazimishi mtu yeyote kunywa, ila kila mmoja ajaze bilauri yake kwa hiari, anywe kwa hiari, na aipindue mezani kwa hiari, wenzake waone.

Duara likaanza kuzunguka.

Hapa sina budi kuwasifu watumishi wetu. Wana ujuzi ambao haufundishwi chuoni: kunywa bila kumeza. Mmoja alikunywa akajifuta mdomo kwa leso nene, na leso ikavimba. Mwingine alipatwa na chafya ya ghafla, akainamia chungu kilichopandwa mianzi nyuma yake. Mwanamama wa Utumishi alimimina yake ndani ya mkoba, akaufunga zipu, na uso wake haukuonyesha kitu. Dakta Kichelema mwenyewe aliinua bilauri yake juu sana, akaitazama kwa mapenzi, na dereva akaipokea kuiondoa kabla haijashuka. Bilauri zote zikapinduliwa, makofi yakapigwa, na jagi likaendelea kusogea.

Likasimama mbele ya Sikudhani.

*

Dakta Kichelema ndiye aliyemjazia. Alijaza mpaka ukingoni, bila kumwaga hata tone.

"Dada Sikudhani."

Sikudhani aliiweka mikono yake magotini. "Siyanywi, Mheshimiwa. Na nawaomba wenzangu mliomeza chochote mwende hospitali."

Wenzake walitazama sahani zao tupu. Maafisa wawili wa pembeni walishusha vijiti, na mtu angeweza kuona jinsi walivyofarijika.

"Hatuna haraka," alisema Mkurugenzi akiketi. "Sisi ni wizara ya subira."

Wakasubiri. Bata aliletwa, ngozi yake imekauka vizuri, inang'aa. Ukaletwa wali, ikaletwa supu ya mchaichai, zikaletwa mboga za kijani. Hakuna aliyegusa. Mvuke ulipanda, ukapungua, ukaisha. Mafuta ya supu yalianza kuganda juu.

"Dada," Ngwilizi alinong'ona kwa uchungu, "bata anapoa."

"Una watoto wa dada yako unaowasomesha," alisema mwanamama wa Utumishi, akiukumbatia mkoba wake uliokuwa unavuja. "Wafikirie."

"Mimi ninasubiri kupandishwa cheo," mwingine alisema. "Kwa nini unatufanyia hivi?"

Hivi ndivyo walivyomsihi, kila mmoja kwa adabu. Baadaye adabu ikapungua. Mtu mmoja alisema siku zote alimwona Sikudhani ana kiburi. Mwingine akasema alishamsikia akipiga mluzi wakati wa wimbo wa taifa. Sikudhani alikaa wima. Aliung'ata mdomo wake wa chini.

Dakta Kichelema aliwatazama maafisa, akafumba macho taratibu. Wale wawili wakasimama, wakafunga vifungo vya koti.

Ndipo Hamduni aliponyoosha mkono, akaichukua bilauri ya Sikudhani.

"Hamduni, usinywe," Sikudhani alisema. "Wewe unajua. Usinywe!"

"Tumbo langu limezoea ofisi hii," alijibu, akainywa yote. Hakuitemea leso, hakupiga chafya. Koo lake lilipanda na kushuka, kila mtu akaliona. Akaipindua bilauri mbele ya Sikudhani.

Palitokea mtafaruku wa kitaratibu. Maafisa wa Usingizi Mwema walikuwa na amri ya kumchukua yule ambaye bilauri yake ingebaki na maji. Sasa hakuna bilauri yenye maji. Walimtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi alimtazama Ngwilizi.

"Itifaki inasema bilauri iwe tupu," alisema Ngwilizi, jasho likimtoka. "Haisemi imwagwe mdomoni mwa nani. Tunaishukuru."

Maafisa wakaketi, wakarudia tambi zao kwa huzuni.

Lakini Dakta Kichelema hakuwa mtu wa kushindwa na itifaki. Aliigeuza bilauri ya Sikudhani, akaijaza tena. Sikudhani aliirukia ili aimwage sakafuni. Hamduni alikuwa mwepesi zaidi. Akainywa hiyo nayo, akipepesa macho, huku maji mengine yakimtiririka kidevuni.

"Mheshimiwa," alisema, na sauti yake ilikuwa nzito sasa, "jagi limekwisha. Tule."

Watu wakala. Nani angekataa? Kwa muda palisikika sauti za vijiko. Hamduni aliwekewa mguu wa bata, akaushika, ukamponyoka. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kukoma.

"Mbona unalia, Mhandisi?" Ngwilizi aliuliza.

"Pilipili."

"Hamna pilipili hapo."

Misuli ya shavu lake ilianza kuchezacheza yenyewe. Mate yakamjaa, akashindwa kuyameza. Sikudhani alimshika kichwa, akamgeuzia macho kwenye mwanga, akaona mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano.

"Gari!" alipiga kelele. "Nani ana gari?"

Wote walikuwa na magari. Lakini Ngwilizi alikuwa ameshasimama kutoa neno la shukrani, na itifaki haimruhusu mtu kuondoka kabla ya neno la shukrani. Walibaki wameketi, nyuso zimemwelekea Ngwilizi, naye akimshukuru Mlezi Mkuu, kisha shemeji, kisha mto.

Aliyekuja ni Mama Lien. Alitoka jikoni na aproni yake, akamwinua Hamduni kwa makwapa, Sikudhani akashika miguu, wakampitisha katikati ya masufuria mpaka uani, wakamlaza kwenye pikapu ya kubebea mboga. Maafisa waliwaona wakipita. Hawakuwa na amri inayohusu mboga.

Hamduni aliongea mara moja tu njiani. Kichwa chake kilikuwa mapajani kwa Sikudhani, juu ya majani ya kabichi.

"Mimi nimeshakunywa," alisema. "Wewe kaseme."

Walifika hospitali na maiti.

*

Kabla jua halijatua, chanzo cha kifo kilikuwa kimetangazwa: mwiba wa samaki.

"Mimi leo sijapika samaki," Mama Lien aliwaambia wachunguzi waliokuja mkahawani. "Nimepika bata. Mifupa hiyo hapo. Bata hana mwiba."

Wachunguzi walikubaliana naye kwamba ushahidi ulipungua. Wakatuma mtu sokoni, akaleta samaki. Wakamkaanga wenyewe jikoni kwa Mama Lien, wakamuunguza, wakamweka kwenye sahani yake na kumpiga picha. Halafu wakafunga mlango kwa utepe na lakiri, wakamwambia afadhali aanze kufikiria nchi aliyozaliwa.

Hamduni alipewa cheo cha Shujaa wa Kiu. Na kwa kuwa marehemu alikuwa mkazi wa Bonde la Shukrani, Dakta Kichelema alitangaza redioni, kwa sauti yake ile ya pole, kwamba wizara haiwezi kungoja Jumatatu. Mabomba yangefunguliwa Jumamosi, saa ya maziko, ili waombolezaji wanywe kwa kumbukumbu yake.

Nasikia wapo waliolia redio ilipotoa habari hiyo. Walidhaniwa wanamlilia marehemu.

Jumamosi hiyo wanaume waliubeba mwili kwenda makaburini, chini bondeni, ambako jukwaa na kipaza sauti vilikuwa vimetangulia. Wanawake walibaki nyumbani kwa Bi Mwatumu, kama ilivyo desturi. Uani palikuwa na masufuria makubwa ya chakula cha msiba, kuni zimepangwa, na bomba jipya la wizara limefungwa utepe. Mtu wa wizara alikuja, akaukata, akaenda zake. Maji yakatoka kwa nguvu. Watu wa mtaa ule walikuwa hawajaona kitu kama hicho. Nyumba kwa nyumba, juu mpaka chini, ndoo zikajaa, na mapipa, na mabeseni ya kuogeshea watoto.

"Nani ameanza kukaanga kitunguu saumu?" aliuliza mama mmoja uani, akiinusa hewa.

"Hakuna. Jiko halijawashwa."

Sikudhani alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, hajalala tangu jana. Mama Lien alikuwa pembeni yake, amejifunga khanga ya kuazima. Sikudhani aliposikia neno lile alisimama. Hakuwa mzungumzaji. Alianza, akakwama, akaanza tena.

"Msipike na maji haya," alisema. "Msinywe. Ndiyo yaliyomuua Hamduni. Nilikuwepo. Ni dawa ya nzige, na wakubwa wanajua."

Bi Mwatumu, ambaye tangu asubuhi alikuwa ndani akipokea watu, alitokea mlangoni.

"Redio inasema samaki."

"Hakukuwa na samaki," Mama Lien alisema. "Wallahi mama, samaki wamemleta wao."

Bi Mwatumu alimtazama Sikudhani peke yake. "Alikunywaje? Mume wangu alikuwa akijua?"

"Alijua. Nilikuwa nimemwambia."

"Basi alikunywaje?"

Sikudhani alijaribu kupata njia nyingine ya kulisema, hakuipata. "Ilikuwa bilauri yangu, dada. Nilikataa, wakasimama kunichukua. Akainywa yeye."

Bi Mwatumu alibaki mlangoni, mkono kwenye mhimili. Watu walidhani atamrukia. Alishuka ngazi, akapita mbele yake, akafika kwenye ndoo kubwa iliyokuwa chini ya bomba. Aliinama, akanusa. Halafu akaishika kwa mikono miwili na kuimwaga, mpaka ikatoa sauti tupu.

Hakusema mtu afanye nini. Mama aliyekuwa jirani yake aliimwaga ya kwake. Mwingine akatoka mbio kwenda kwa shoga yake nyumba ya pili. Sikio kwa sikio, ukuta kwa ukuta, habari ikaupanda mtaa. Ndoo, mapipa, mabeseni, vyote vilimwagwa milangoni, na maji yakaanza kushuka.

Kule chini Dakta Kichelema alikuwa katikati ya hotuba. Jua lilikuwa linawaka, hakuna wingu. Alikuwa amefika pale anaposema kwamba sauti ya maji haya itasikika vizazi na vizazi, ndipo ikasikika. Yaliteremka kwenye njia ya makaburini, meusi kwa vumbi, yakabeba majani na kandambili moja, yakapita kati ya viatu vya waheshimiwa. Harufu ilitangulia. Waombolezaji walitazama miguu yao, kisha wakatazama juu mtaani, kisha wakamtazama Mkurugenzi.

Dakta Kichelema aliyatazama maji, akafuta miwani.

"Mvua," alisema kwenye kipaza sauti. "Mvua ya rehema kwa shujaa wetu."

Ngwilizi akafungua mwavuli juu yake na kuishukuru mvua. Sisi tulikunja suruali.

*

Wale maafisa wawili walifika uani kabla maziko hayajaisha. Safari hii walikuwa na amri nzuri, yenye jina. Walikuwa wamepanda kilima kwa miguu, kwa sababu gari lilikwama kwenye tope, na suti zao zilikuwa zimelowa jasho. Nyumba ilikuwa ya msiba, na sheria, kama nilivyoeleza, inakataza kumchukua mtu nyumbani. Lakini Sikudhani hakuwa nyumbani kwake. Walikuwa wameliangalia jambo hilo.

"Tumekuja kumsindikiza dada Sikudhani," alisema mmoja.

Bi Mwatumu alikwenda kwenye bomba, akalifungua, akakinga vikombe viwili. Akawapelekea, mkono kwa mkono, kwa heshima zote za mwenye nyumba.

"Poleni na kilima," alisema. "Kwangu hatuongei na mgeni kabla hajanywa maji. Ni maji ya wizara. Karibuni."

Wanawake wote walikuwa wamesimama. Bomba lilikuwa likidondosha. Maafisa walivishika vile vikombe. Yule mkubwa alikileta chake karibu na mdomo, pua ikanusa, mkono ukasimama. Mwenzake alikuwa anaangalia chini, kwenye kikombe, kama mtu anayetazama kisima alimotumbukia ndugu yake.

"Kunyweni," Bi Mwatumu alisema. "Mume wangu alikunywa."

Hawakunywa. Yule mkubwa alisema kwamba hana kiu. Mwenzake akasema kwamba wao hasa walikuja kutoa rambirambi. Wakaviweka vikombe juu ya ukuta, taratibu, wakatoa rambirambi, wakatoka nje kinyumenyume.

Bi Mwatumu alipohakikisha wameondoka, aliketi pale pale kwenye tope, na ndipo alipolia. Sikudhani alikaa karibu naye bila kumgusa, maana hakujua kama anaruhusiwa. Baada ya muda Bi Mwatumu aliuvuta mkono wake, akaushika kwa nguvu ya kuumiza.

"Hutoki humu," alimwambia. "Utalala chumba cha nyuma. Kuanzia leo hapa ndipo nyumbani kwako, na sheria inawakataza kukuchukua nyumbani. Ukitoka tu, wamekuchukua."

Yaliyofuata yalitangazwa rasmi, na nayanukuu nilivyoyasikia. Wizara ilieleza kwamba mvua kubwa imenyesha Bonde la Shukrani na inaendelea kunyesha. Kwa kuwa mvua inatosha, mtambo wa maji hauhitajiki, na umefungwa mpaka kiangazi kitakapothibitishwa na Mlezi Mkuu. Matangi ya bluu yalirudishwa kwa shemeji, ambaye sasa ana zabuni ya maziwa ya shule. Dakta Kichelema alipandishwa cheo kwa kuleta mvua. Utepe bado uko mlangoni kwa Mama Lien, na waheshimiwa wanaopenda bata hupitia mlango wa jikoni.

Raia wa Bonde la Shukrani wameagizwa wasitoke bila miavuli. Tunatii. Jua linawaka, ardhi imepasuka, wanawake wanachota maji kwenye kisima cha zamani, mbali, na sote tunatembea na miavuli iliyo wazi.

Sikudhani bado yuko chumba cha nyuma kwa Bi Mwatumu. Mbele ya nyumba, upande wa pili wa njia, wamesimama watu wawili wenye suti za kijivu, kila mmoja chini ya mwavuli wake mweusi, jasho likiwatiririka. Ukiwasalimia, wanaitika vizuri. Ukiwauliza wanangoja nini, wanasema wanangoja mvua iishe.